Kwa Namba ya Mzee

Nilipopata kazi ya eksirei nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne chenye D nyingi kuliko ninavyopenda kusema, na imani kubwa kwamba siku moja nitapanda ndege. Hospitali ilikuwa ndogo, ya mtu binafsi, juu kidogo ya barabara ya kwenda Chepilat. Siku hizi haipo. Pale pana godauni la mahindi. Lakini miaka ile ya tisini ilikuwa na mashine ya eksirei, mashine ya mtumba kama sweta zetu, iliyonguruma kabla ya kupiga picha kama ng'ombe anayefikiria kama atakupiga teke au atakusamehe.

Tulikuwa watu wanne. Mkubwa wetu alikuwa fundi wa picha, kijana wa Kikuyu aliyekulia Kericho mjini nyuma ya duka la baba yake. Wagonjwa walimwita daktari, naye alishachoka kuwakatalia. Alivaa tai hata siku ya mvua ya mawe. Wa pili alikuwa mzee wa chumba cha giza, aliyeosha filamu kwenye matangi ya dawa na kuzianika kama nguo. Huyo alikuwa jirani, mwenye majani chai yake na ng'ombe wa maziwa, na alikuja kazini akinuka moshi na dawa ya kuoshea ng'ombe. Wa tatu alikuwa mama wa usafi, Mkipsigis wa upande wa Chebunyo aliyeolewa huku, mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini. Wa nne mimi, karani.

Kazi yangu ilikuwa kuandika jina la mgonjwa, umri, na kama ni mguu au kifua. Halafu kila mwisho wa mwezi kulikuwa na kazi niliyoipenda kuliko zote, kazi ya beji.

Beji ilikuwa kidude cha plastiki cha kubana kifuani, kidogo kama kiberiti, na ndani yake kipande cha filamu. Mionzi ya eksirei haionekani wala haisikiki, lakini ikikupata, ile filamu inakuwa nyeusi kidogo. Tulizituma Nairobi kwenye ofisi ya kupima, wakazisoma, wakaturudishia karatasi yenye namba ya kila beji na tarakimu mbele yake, nami nikazinakili kwenye kitabu. Zilikuwa beji mbili za kuvaliwa. Namba moja ilikuwa ya fundi na namba mbili ya mzee. Kulikuwa na ya tatu isiyovaliwa na mtu, iliyolala kwenye droo yangu mbali na mashine, ili Nairobi wajue filamu ambayo haikuona kitu inafanana vipi. Hiyo nilikuwa nikiisalimia asubuhi. Niliionea huruma, kukaa tu.

"Na mimi je?" nilimuuliza fundi wiki yangu ya kwanza. "Yangu iko wapi?"

"Wewe unakaa nje ya ukuta. Wewe ni raia."

Akanieleza kwamba wafanyakazi wanapangwa kwa makundi. Kuna kundi la kwanza, wale ambao kazi yao inaweza kuwafikishia mionzi mingi. Hao wanapimwa mmoja mmoja na daktari anawaangalia kila mwaka. Kuna kundi la pili, ambao wanapata kidogo, kama yeye na mzee. Halafu kuna wengine wote, ambao hawatakiwi kupata kitu.

"Kundi la kwanza ni akina nani?"

Akanionyesha kalenda iliyokuja na mzigo mmoja wa beji, yenye picha ya kituo cha nyuklia cha ng'ambo. Wanaume na wanawake wenye kofia nyeupe walisimama juu ya bwawa la maji ya buluu, buluu ambayo sijawahi kuiona kwenye maji yoyote ya Mungu, na kila mmoja amebana kifuani kidude kama chetu. Fundi alisema chini ya yale maji kuna moto usio na moshi unaotengeneza stima ya kuwasha taa. Nilitundika kalenda ile mbele ya meza yangu. Nikiwa sina mgonjwa, nilikuwa naingia mle ndani. Nilijipa kofia nyeupe, nikatembea juu ya lile bwawa nikiwa na kalamu yangu, naandika tarakimu za watu, na wote wananijua.

"Umeenda tena?" mama wa usafi alikuwa akiniuliza akipita na ndoo.

"Nimeenda."

"Uliwapelekea maziwa yetu ya mursik?"

"Walimaliza kibuyu chote, mama."

"Hao Wazungu hawajui kukunywa. Wataharisha kwa hiyo maji yao."

Yeye aliajiriwa kama kibarua, kupiga deki. Lakini kwa kweli kazi yake kubwa ilikuwa watoto. Mtoto wa miaka miwili aliyevunjika mkono ukimlaza kwenye meza ya baridi chini ya kile chuma kikubwa, atapiga mayowe mpaka Sotik wasikie, na picha ya mtoto anayerukaruka ni ukungu mtupu. Mama zao walikuwa wanalia pamoja nao, au wanageuka ukutani. Basi fundi alitoa kichwa mlangoni, akaita, "Mama, kuja kidogo," naye akaweka mopu chini, akajipangusa mikono, akaingia. Alishika mtoto mabega au miguu, akamwinamia, akamwambia, "Sis, lakwet," nyamaza mtoto, kwa ile sauti yake ya chini, na mtoto akanyamaza. Hata watoto Wakisii ambao hawakuelewa neno walinyamaza. Fundi alijificha nyuma ya ubao wake wenye risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, akabonyeza, kwisha.

Na kila alipoingia, mzee wa chumba cha giza alijitoa beji yake akambania.

"Shika hii. Usiingie huko ndani uchi."

"Na wewe mzee?"

"Mimi niko gizani kama popo. Itanipata wapi huko? Heri ikafanye kazi na wewe."

Lilikuwa jambo la adabu. Kwa mtu asiyezaliwa kwenye majani chai, labda ni vigumu kuona kwa nini sisi watatu hatukuliona kuwa na kasoro. Mimi nimezaliwa kambini, kwenye mashamba makubwa upande wa Kericho. Aliyeandikwa kazi ni baba, namba ilikuwa yake. Lakini mama alichuma, mimi nilichuma nikitoka shule, shangazi akija kututembelea naye alifunga mfuko kiunoni akachuma, na jioni kwenye mizani karani aliita namba moja tu. Kapu ni la nyumba. Mtu mgonjwa, jirani alimchumia kwa namba yake asikose siku. Mtu ambaye hajaandikwa, alipewa namba ya mwenziwe ili jasho lake lisipotee. Kumkopesha mtu namba ni kumheshimu. Kwa hivyo mama wa usafi alipoingia kwenye mionzi kwa namba ya mzee, tuliona sawa, kazi yake imeandikwa mahali. Fundi naye, akiwa nyuma ya ubao, alimwona na beji kifuani akadhani ni mimi nimemwagizia yake kutoka Nairobi.

Mwaka mmoja, karibu na kuanza kwa mvua ndefu, mama wa usafi aliniambia siri. Tulikuwa tunakula viazi nyuma ya jiko. Aliniomba nimwinulie ndoo kwa siku chache, nikamuuliza mgongo unauma, akasema hapana.

"Niko na mtoto," akasema, akiangalia viazi. "Lakini usiseme. Hata mama mkwe hajui. Nimepoteza wawili kabla nije hii kazi. Huyu nataka asitajwe mpaka ajitaje mwenyewe."

Sikusema. Niliinua ndoo, nikapiga deki, na kwa sababu mimi ni mtu wa ndoto nilishaanza kumwona huyo mtoto ana meno na anaenda shule. Niliposhika kalamu nilikuwa natabasamu peke yangu. Fundi akaniuliza kama nimepata mchumba.

Karatasi ya Nairobi ilikuja siku ya soko, ndani ya bahasha ya kaki iliyolowa mvua pembeni. Niliifungua kama kawaida ili ninakili. Namba moja, chini ya kipimo, yaani kidogo kisichopimika. Ile ya droo yangu, safi. Namba mbili ilikuwa na tarakimu ambayo sijawahi kuiandika kwenye kitabu kile, na chini yake mtu amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, akaandika kwamba tueleze, na mwenye beji aondolewe kwenye mionzi hadi ijulikane sababu.

Nilimpelekea fundi. Aliisoma akiwa amesimama, halafu akaketi, halafu akalegeza tai.

"Ngai, Mungu wangu," akasema. "Mzee amefanya nini?"

Mzee aliitwa. Alitoka kwenye giza akipepesa macho.

"Mimi? Mimi sijafanya kitu."

"Hii namba ni yako, mzee."

"Namba ni yangu, ndiyo."

"Basi umekuwa ukisimama wapi?"

Mzee alinitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake. Akasema atakumbuka. Msimamizi wa hospitali, ambaye hakujua mionzi ila alijua kalamu nyekundu, alikuja akasema kesho mzee aende kulinda geti, na wa kuosha filamu apatikane mwingine. Mzee hakubishana. Alisema tu, "Geti ni sawa, huko kuna jua." Lakini niliona mikono yake, ile iliyobabuka kwa dawa, inatafuta mifuko isiyopatikana.

Nilikuwa nimeshaelewa. Zile tarakimu hazikuwa zake. Zilikuwa za mtu aliyesimama pale mezani na watoto mwezi mzima, mwezi ambao walikuja wengi kuliko kawaida, na huyo mtu alikuwa na mimba. Nilitoka kumtafuta. Alikuwa kwenye veranda anakamua mopu. Nilimweleza karatasi imesema nini, polepole, na kwamba fundi anafikiri ni ya mzee. Sikumwambia afanye nini. Sikujua afanye nini.

Alisimama, mkono mmoja umeshika mopu na mwingine umeenda wenyewe tumboni.

"Hiyo kitu inaingia kwa mtoto?" akauliza.

"Sijui, mama. Fundi ndiye anajua."

"Na nikimwambia, watanifukuza. Kibarua mwenye mimba ni wa nini?"

"Pengine."

"Nisipomwambia?"

"Mzee ataenda getini. Na wewe utaendelea kushika watoto."

Aliegemeza mopu ukutani, akaivua aproni yake ya kitenge, akaikunja vizuri kama mtu anayeenda kanisani. Alitangulia, nikafuata.

Fundi alikuwa bado ameketi na karatasi. Mzee alikuwa anakusanya kofia na koti lake. Mama wa usafi hakubisha hodi.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Nilichuma kwa namba ya mzee."

Fundi hakuelewa. Alikulia dukani, hakukulia kwenye majani chai. Ilibidi mzee amweleze, naye alimweleza kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga ng'ombe: mtu hana namba, unampa yako, asifanye kazi bure. Fundi aliigonga karatasi kwa kidole.

"Mzee, hii si kilo! Hii ni... hii inahesabu kilichoingia kwa mwili wa mtu. Mwili haukopeshwi!"

"Hukutuambia," mzee akasema, bila ugomvi.

Ni kweli, hakutuambia. Alikuwa ametueleza makundi, na ubao, na umbali, lakini kwamba beji haivaliwi na mwingine, hilo hakuona kama ni jambo la kusemwa. Nani atavaa beji ya mwenzake?

"Kuna kingine," mama wa usafi akasema. Akaniangalia, nikamwashiria kwa kichwa. "Niko na mimba. Ya miezi mitatu."

Hapo fundi aliinuka. Sikuwahi kumwona hivyo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona gari linarudi nyuma na mtoto amesimama huko. Lakini alipozungumza alizungumza taratibu sana.

"Kaa, mama. Keti. Nitakuuliza maswali, unijibu tu vile ilivyokuwa. Hakuna jibu baya. Ukiwa huko ndani, ulikuwa unavaa ile aproni nzito? Ile ya risasi?"

Tuligeuka wote mlangoni. Ile aproni ilining'inia msumarini nyuma ya mlango, nzito kama gunia la mbolea, na kila mtu aliyewahi kuivaa alilalamika mgongo. Fundi alikuwa akiwaambia watu waivae, lakini kukiwa na foleni na mtoto analia hakuwa na muda wa kuhakikisha.

"Navaa," akasema.

"Kila mara? Mama, niambie ukweli."

"Kila mara. Si hiyo chumba ni baridi? Simiti tupu. Mimi nilifikiri ni ya baridi. Hiyo kitu inazuia upepo kabisa. Siku ingine nilikuwa napiga deki nayo."

Mzee alicheka kwanza. Halafu mimi. Fundi hakucheka, ila alishika kichwa kwa mikono miwili, na nadhani alikuwa anasali.

"Na beji? Uliivaa juu ya aproni au ndani?"

"Juu. Ndani nani ataiona? Namba ni ya kuonekana."

"Juu wapi? Nionyeshe."

Akagusa karibu na kola.

Fundi akatuelezea, na safari hii alieleza kila kitu, hata vile ambavyo hakuna aliyeuliza. Beji iliyokaa nje ya risasi imepokea kila kilichokuja. Tumbo lililokaa ndani limepokea kidogo sana, kwa sababu risasi inazuia karibu yote. Kwa hiyo ile tarakimu yenye mstari mwekundu ni ya shingo na uso na mikono yake, si ya mtoto. "Kama aproni ni nzima," akamalizia.

"Kama?" mama wa usafi akauliza.

Fundi akaishusha msumarini. Aproni yenyewe ilikuja na mashine, na ilikuwa ya mtumba vilevile. Risasi imefichwa ndani ya kitambaa, na ikikunjwa vibaya miaka mingi inapasuka huko ndani bila mtu kuona kwa nje. Fundi aliipapasa, akaipindua, akasema kwa mkono huwezi kujua. Kuna njia moja tu. Akailaza juu ya meza ya eksirei, akaitandaza kama mgonjwa aliyelala chali, akaweka filamu kubwa chini yake.

"Tokeni wote," akasema. "Wewe mama, toka mpaka nje kabisa. Nenda kwa mti wa mlangoni."

Akapiga picha ya kifua cha aproni, akabadilisha filamu, akapiga ya tumbo, akapiga ya chini. Mzee alizichukua akaingia nazo gizani. Hakuna aliyemkumbusha kwamba ameshahamishiwa getini.

Filamu haioshwi kwa haraka. Inakaa kwenye dawa ya kwanza, inasuuzwa, inaingia ya pili, na ukifungua mlango kabla ya wakati umeharibu kila kitu. Wagonjwa walikuwa wanangoja kwenye benchi na mimi nilikuwa naandika majina yao bila kujua naandika nini. Mwanamke mmoja aliniambia mtoto wake si wa kiume, nikafuta. Mvua ilianza kunyesha juu ya mabati. Mama wa usafi alikuwa amesimama chini ya ule mti, hakutaka kuingia verandani hata nilipomwita. Nilimpelekea mwavuli wa fundi. Tulisimama pamoja chini yake.

"Kama imepasuka?" akaniuliza.

"Haijapasuka."

"Wewe unajuaje?"

"Sijui. Nasema tu."

"Basi sema tena."

Nikasema tena. Nilisema mara nyingi, na nilipoishiwa nikaanza kumwambia habari za lile bwawa la buluu, kwamba hao watu nao wanavaa beji, na pengine kuna mama mwenye mimba kati yao, na kuna mtu kama mimi anayeandika. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Fundi alitokea mlangoni na filamu tatu zinazodondoka maji. Hakungoja zikauke. Alitupungia tuje, akazibandika kwenye taa nyeupe ukutani, moja baada ya nyingine.

Mahali risasi ilikuwa nzima, filamu ilikuwa nyeupe, safi kama maziwa kwenye bilauri. Ile ya juu ilikuwa nyeupe yote. Ile ya katikati, ya tumbo, mzee aliweka kidole chake kilichobabuka kwenye pembe ya juu, akakiteremsha polepole mpaka chini, akarudi juu. Nyeupe. Ile ya mwisho, ya magotini, ilikuwa na mstari mweusi uliopinda kama mto unavyochorwa kwenye ramani, pale ilipokunjwa miaka mingi kabla ya kufika kwetu.

"Pale ni magoti," fundi akasema. "Mama, pale ni magoti tu."

Mama wa usafi aliinama akaitazama ile ya katikati kwa karibu sana, pumzi yake ikaleta ukungu kwenye filamu.

"Kwa hivyo mtoto hakupata kitu?"

Fundi angeweza kusema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo, ningeiimba.

"Siwezi kukuambia hakupata kitu," akasema. "Alipata kidogo sana. Kidogo ambacho mimi, kama ungekuwa dada yangu, ningelala usingizi. Lakini sifuri siwezi kuandika, kwa sababu sijaipima."

Mama wa usafi akanyoosha mgongo. "Sawa," akasema. "Ungeniambia sifuri, ningefikiri unanidanganya."

Wiki ile tuliandika. Fundi alipitia kitabu changu cha wagonjwa, mtoto kwa mtoto, akahesabu mara ngapi ameshikwa na ni picha ya namna gani, akaandikia Nairobi barua ndefu. Walijibu kwa adabu. Walisema ile tarakimu iondolewe kwa mzee na afunguliwe mama ukurasa wake, makadirio ya shingo na mikono peke yake na ya tumbo peke yake, na iandikwe wazi kwamba ni makadirio. Nilimwandikia kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Kwenye nafasi ya kazi fundi alisita kidogo, kwa sababu mtu wa usafi hayumo kwenye kundi lolote.

"Andika kazi anayofanya," akaniambia mwishowe. "Andika: hushika watoto."

Msimamizi alitaka kumwachisha mama kazi. Fundi, ambaye heshima ya tai yake haikuwahi kumruhusu kubishana na mtu, alimwambia kwamba mtu akifukuzwa kwa kusema ukweli wa beji, mwezi ujao hakuna atakayesema, na yeye hatatia sahihi karatasi za watu wasiosema. Basi mama akahamishiwa jikoni, akawa anapika uji wa wagonjwa. Mzee alipewa barua ya onyo, akaionyesha kila mtu sokoni kwa kuwa ilikuwa imepigwa taipu. Akarudi gizani na beji yake, na akawa mkali nayo: hata fundi akiigusa tu kuiangalia, alimpiga kofi mkononi. Aproni mpya iliagizwa. Nairobi walituma na beji ya ziada ya anayeshika mtoto, na watoto wakawa wanashikwa na baba zao au mama zao wenyewe, wamevalishwa aproni, wanatetemeka. Picha nyingi zilikuwa na ukungu miezi ile. Tulirudia, tukavumilia.

Na mimi nikawa nahesabu siku zake kwa siri. Alipokuwa akinipitishia uji dirishani nilimtazama usoni kwanza, kisha chini, na yeye akijua ninachotazama. "Yuko," alikuwa akiniambia. Baadaye, "Anapiga teke." Baadaye sana, "Wewe chepto, msichana wewe, acha kuniangalia hivyo, utafanya atoke mapema kukusalimia."

Alijifungua mvua fupi zilipokuwa zinaanza, kwenye wodi yetu wenyewe, jioni, kukiwa na ule ukungu unaoteremka kutoka kwenye mashamba mpaka kwenye madirisha. Mtoto wa kike. Muuguzi alisema ana mapafu ya mhubiri. Siku ya tatu mume wake alikuja kumchukua na blanketi jipya, na fundi wa picha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifunga mlango wa eksirei mchana watu wakiwa kwenye benchi. Alitembea mpaka wodini na tai yake. Mzee alifuata, akinuka dawa, nikafuata mimi.

Fundi alisimama miguuni pa kitanda akimtazama yule mtoto, vidole, masikio, utosi ulivyokuwa unapanda na kushuka. Alimtazama muda mrefu kuliko alivyotazama filamu yoyote.

"Unataka kumshika?" mama akamuuliza.

"Mimi? Mimi sijawahi kushika mtoto. Nitamwangusha."

"Hutamwangusha. Leta mikono. Hapana, hivyo unabeba mbao. Weka huu chini ya kichwa. Kichwa, daktari, kichwa! Haya. Sasa tulia."

Akatulia. Mtoto alikunja uso, akafikiria kulia, akaacha. Nje, watu wa kwenye benchi walikuwa wameanza kuuliza daktari ameenda wapi, na mzee akatoka kwenda kuwaambia wangoje.